Fundo la Mwisho la Bi Araksi

Usinicheke bado. Kwanza nijibu: ukimwamkia mtu, naye akakuitikia vizuri tu, halafu ukakumbuka kwamba mtu huyo alishazikwa, utafanya nini? Utakimbia? Wote niliowasimulia wanasema wangekimbia. Mimi sikukimbia. Na haya ninayokueleza yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa London, mwezi wa Desemba, dukani, watu wakiwa wananunua zawadi. Sikuota, sikuwa na homa. Tena wapo watu walioyaona kwa macho yao, ila wao mpaka leo wanadhani waliona kitu kingine.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Barking, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Unaingia nyumba hii, unamwogesha mzee, unampa chai na dawa zake, unapanda basi kwenda nyumba nyingine. Katika wazee wangu wote hakuna niliyempenda kama Bi Araksi wa Edmonton. Alikuwa Mwarmenia, mjane, mfupi, mwenye pua kubwa na maneno machache. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande vipande na changu wakati ule hakikuwa mbali na chake, kwa hiyo tulielewana sana. Sasa mimi siwezi kuingia chumbani kwa mtu mzima asubuhi nikamwambia "halo". Mdomo wenyewe unakataa. Basi kila nikifungua mlango nilisema, "Shikamoo bibi," naye aliponiuliza maana yake nikamfundisha kuitikia. Alilipenda neno lile! "Marahaba, mwanangu," anasema, ile r yake anaiburuza mpaka nacheka. Katika London nzima sidhani kama kulikuwa na Mwarmenia mwingine aliyejua kuitikia shikamoo.

Bi Araksi alikuwa fundi wa lesi ya sindano. Si kroshia, usichanganye. Kroshia ina ndoano yake. Hii ni sindano ya kawaida ya kushonea na uzi mwembamba, basi, na kila kitundu unachokiona kimefungwa fundo lake dogo kwa mkono. Aliniambia kazi ya namna ile hata ukiikata uzi haifumuki, kwa sababu kila fundo limejishika lenyewe. Akachukua mkasi akakata kipande cha mfano mbele yangu, akakivuta huku na huku, akanicheka nilivyokodoa macho.

Katika siku zake za mwisho alikuwa anashona kitu kimoja tu. Kitambaa cheupe cha duara, ukubwa wa sinia, kimezungukwa na makomamanga pembeni. "Hiki cha kaburini," aliniambia. "Watanifunika nacho mikono." Alikimaliza chote, akaacha kijipengo ukingoni, uzi unaning'inia na sindano yake. Nikamwuliza, mbona humalizii, bibi? Akasema fundo la mwisho halifungwi na mtu ambaye bado anataka kunywa chai. Hiyo ilikuwa imani yake mwenyewe, wala sijui kama Waarmenia wengine wanayo. Mimi nikaenda kumtilia chai.

Halafu kitambaa kikapotea. Asubuhi moja hakipo mezani, hakipo kabatini, hakipo chini ya mto. Bi Araksi analia, mimi natafuta mpaka ndani ya mashine ya kufulia. Jioni yake mkwewe, Lusine, mke wa mwanawe wa pekee, akapiga simu ejensi iliyoniajiri. Akasema mfanyakazi wenu ni mwizi. Hakusema "huenda", hakusema "tumuulize". Mwizi, basi.

Ejensi wakanisimamisha siku ile ile. Wakaniita ofisini, wakaniuliza maswali wakiwa wameinamisha macho, wakasema jambo halijathibitika. Lakini unajua maana ya jambo kutothibitika? Maana yake hakuna anayekuita mwizi mbele yako na hakuna anayekupa ufunguo wa nyumba ya mtu. Nikaishia kufagia maofisi alfajiri. Barking nako habari zikafika kabla yangu. Nikiingia kwenye shughuli, wanawake niliokula nao pilau miaka nenda rudi wanavuta mikoba yao mapajani, huku wananichekea. Nilikuwa nawaona. Walidhani siwaoni.

Na Bi Araksi sikumwona tena. Nilikatazwa kukanyaga pale. Baada ya muda mwenzangu mmoja wa kazi akaninong'oneza kwamba amefariki. Nililia jikoni bomba la maji likiwa limefunguliwa ili watoto wasisikie. Kazi utapata nyingine, hata watu utazoea. Kilichonichoma ni kitu kimoja: kwamba yule bibi alikufa akidhani mimi ndiye niliyemchukulia kitambaa chake cha kaburini. Nililala na hilo na kuamka nalo. Na Lusine nilimwombea mabaya kila siku, sikufichi, nikiwa juu ya msala nimekaa.

Sasa turudi dukani. Shoga yangu Zainabu, ambaye ndiye peke yake hakunivutia mkoba, alikuwa anamwoza kijana wake huko Unguja. Wanatayarisha sanduku la bibi harusi. Khanga zipo, manukato yapo, dhahabu ipo, lakini Zainabu alitaka na kitu kitakachowafanya kina mama wa upande wa pili wanyamaze sanduku likifunguliwa. Kazini kwake hospitali alimwona nesi mmoja kavaa hereni za fedha za komamanga, kazi ya mkono, za Kiarmenia. Akapagawa.

"Shoga, nenda wewe," akaniambia kwenye simu. "Mimi nina shifti mpaka usiku. Duka la Waarmenia lipo nyuma ya Edgware Road, nimekutumia lokesheni. Chukua hereni na bangili yake, na ukiona skafu nzuri ya hariri nipigie picha. Usiniletee vya mashine, Zainabu nitajua!"

"Utajua wewe nani? Unavaa miwani kuonja mchuzi," nikamwambia.

"Nenda bwana, kabla hawajafunga."

Nikaenda. Saa kumi jioni giza limeshaingia, kama unavyoijua Desemba ya huku. Nikapita mikahawa ya Waarabu na moshi wa shisha, nikakata kona, nikaingia kijia chembamba chenye maduka madogo madogo. Duka lenyewe lilikuwa linawaka taa za manjano dirishani. Makomamanga ya udongo, ya fedha, ya mbao. Shanga za mawe meusi. Mikoba iliyotariziwa. Nikasema moyoni, Zainabu leo atafilisika. Sikuwa na fikra yoyote ya Edmonton, niamini. Nilijua Lusine ana biashara, lakini ya nini na iko wapi sikupata kujua.

Ndani hapakuwa na muuzaji. Sauti za watu na za glasi zilitoka chini, kwenye ngazi za chumba cha chini ya duka. Ila kule nyuma, pembeni ya kabati la kioo, aliketi mzee mmoja wa kike juu ya kiti cha mbao, kanipa mgongo, kajifunga kitambaa kichwani, kainamia kitu mapajani. Mabega yanakwenda taratibu kama ya mtu anayeshona. Wewe ungefanya nini? Mimi nimelelewa Tanga. Mdomo ukatoka wenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Na mimi, mbumbumbu, nikaendelea kutazama hereni! Nikazinyanyua moja moja, nikazipima uzito kiganjani, nikazigeuza nyuma kuona kama fedha imeunganishwa kwa mkono. Nikachagua zile zenye punje nyekundu ndani. Ndipo lile jibu likanifikia masikioni. Nani huyu, hapa, anayejua kuitikia shikamoo? Na ile r iliyoburuzwa?

Hereni zikaniponyoka. Sikutaka kugeuka, ila shingo iligeuka.

Alikuwa ameshanielekea. Bi Araksi. Pua ni yake, sweta la kijivu ni lake, nililolifua mimi kwa mikono yangu kwa sababu mashine inalinyausha. Hakuwa na damu, hakuwa na macho ya kutisha, hakuelea hewani. Alikaa tu. Kilichokuwa kibaya ni mikono. Mikono ile nilikuwa naiosha kila asubuhi, kidole kwa kidole, naijua kuliko yangu. Ilikuwa inashona, inavuta, inafunga, inavuta, na hapakuwa na uzi wala sindano wala kitambaa. Ilikuwa mitupu.

"Bibi," nikasema. Halafu likatoka lile lililonikaa rohoni: "Bibi, sikuchukua mimi."

Akanitazama kama alivyonitazama siku zote nikimwuliza mambo ya kijinga, kama vile anataka sukari ama hataki.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu asubuhi ile. Nilimwambia mkwe wangu. Akasema nimechanganyikiwa. Wakazika mikono yangu mitupu."

Nikalia pale pale. Hofu ilikuwapo, wallahi, lakini nililia kwa kutua mzigo. Alijua! Muda wote ule nilioukesha, mwenzangu alikuwa anajua.

"Mwanangu," akasema tena, "nikutume?"

Hapa nisikilize vizuri. Wewe na mimi tunajua mzee akikuambia nikutume, jibu lake ni moja. Humwulizi wapi, humwulizi kwa nini. Umeshamwamkia, ameshaitikia, umeshakuwa mtoto mbele yake. Sikufikiri kwamba huyu ni maiti. Nilijibu kama ningemjibu bibi yeyote wa mtaani kwetu.

"Nitume, bibi."

Akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo. Na humo, juu ya kitambaa cha mahameli nyeusi, taa ikikimulika kutoka juu, kilikuwamo kitambaa cheupe cha duara, makomamanga yamekizunguka. Ukingoni kijipengo. Na uzi wake unaning'inia, na sindano.

"Mwambie alifunge fundo," akasema Bi Araksi.

Vishindo vikapanda ngazi. Nikajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Watu wakatokea, wanawake waliovaa vizuri na wanaume wachache, kila mmoja na glasi mkononi. Kumbe jioni ile mwenye duka alikuwa amewaalika wateja wake kwa ajili ya zawadi za Krismasi. Na mbele yao, nywele zimesukwa juu, kidani cha fedha kimejaa kifua kizima, alikuwa Lusine.

Akanitazama usoni. Akatabasamu. "Karibu, karibu, umechelewa kidogo tu," akaniambia kwa Kiingereza chake laini. "Unatafuta zawadi ya nani?"

Hakunikumbuka! Nimeingia nyumbani kwa mama mkwe wake kila siku, amenikuta nimepiga magoti nikimvalisha soksi, amenivunjia jina langu, na sura yangu haijui. Nilikuwa na mtandio na koti badala ya ile sare ya ejensi, basi nikawa mtu mwingine. Kama palikuwa na huruma yoyote iliyobaki ndani yangu, iliishia hapo. Nilitazama kile kiti. Bi Araksi alikuwa bado ameketi. Lusine akavua shali lake akalitupia juu ya kiti kile kile, likalala juu ya mbao kama hapana mtu, na wote wakapita.

Akaanza kuwaeleza wageni. Hizi hereni zimetoka kijiji fulani, hizi skafu zimepakwa rangi kwa mkono. Akafika kwenye kabati la kioo, akalifungua, akakitoa kitambaa kwa vidole viwili.

"Na hiki," akasema, akashika kifua, "hiki hakiuzwi kwa yeyote tu. Hiki nimekishona mwenyewe, mafundo yote, kwa mikono yangu hii."

Watu wakasema aaa. Simu zikanyanyuliwa kupiga picha.

"Mbona kina pengo?" nikauliza.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wakageuka. Lusine akacheka kidogo. "Tunaacha hivyo. Ni mila yetu."

"Mimi nakitaka," nikasema, "ila nakitaka kizima. Fundo moja tu limebaki. Kwa kuwa umekishona mwenyewe, tufungie hapa tuone."

Ungemwona! Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakatafuta mlango. Akasema mwanga hautoshi. Mwanamke mmoja akamsogezea taa. Akasema hana miwani. Mwingine akacheka, "Lusine, fundo moja tu, tafadhali!" Na wengine wakaitikia, tafadhali, tafadhali, simu juu. Basi atafanyaje? Akaketi kwenye kiti cha mbele, akaishika ile sindano. Mimi nilijua kwamba hajui. Bi Araksi alikuwa ananiambia siku zote, mkwe wangu hata kifungo hawezi.

Sindano ikaingia. Ikazunguka. Ikavuta.

Fundo likakaa, safi, dogo, sawa na wenzake. Watu wakapiga makofi. Lusine mwenyewe alikitazama kidole chake asiamini. Na mimi nikashtuka, nikadhani nimeshindwa, nikadhani labda kweli anajua. Nikatazama kule nyuma. Bi Araksi alikuwa anatazama mikono ya mkwewe, na yeye mikono yake ikienda vile vile, kwa pamoja, kuzunguka, kuvuta.

Sindano haikusimama.

Likaja fundo la pili, la tatu, upesi upesi. Uzi uliokuwa unaning'inia ulikuwa mfupi kuliko kidole, lakini haukwisha. Mafundo yakamaliza ukingo wa kitambaa, yakapanda kwenye kidole cha shahada cha Lusine, yakakifunga na kidole cha kati, yakaenda cha tatu. Kazi nzuri ajabu, makomamanga madogo yanachanua juu ya ngozi yake. Wageni walishangilia! Walidhani ni onyesho. Mmoja akasema hajapata kuona mikono yenye kasi namna ile. Lusine jasho linamtoka puani, na mkono wa kulia hausikii amri yake. Ulipoufunga wa kushoto, sindano ikajigeuza ikaanza kuufunga huo huo ulioishika.

"Nisaidieni," akasema kwa sauti ndogo. Wakacheka. "Ukateni!" akapiga kelele. Hapo wakanyamaza. Mwanamke mmoja akanyakua mkasi mezani akakata. Akakata tena. Lakini si nilishakuambia? Ukikata haifumuki.

Nikamwinamia sikioni. "Sema ni cha nani," nikamwambia.

Akanitazama, na safari hii akanijua. Niliona akinijua. "Wewe," akasema.

"Mimi. Mwizi wako. Sema, na useme wakusikie."

Akasema. Alisema kwa kelele, analia, wote wanarekodi. Kwamba kitambaa ni cha mama mkwe wake. Kwamba alikichukua yeye mwenyewe chini ya mto wakati bibi amelala, kwa sababu mtu wa maonyesho alikwishakiona kwenye picha na kukitaka. Kwamba mwanamke huyu, akanielekezea ngumi zake zilizofungwa, hakuiba kitu, na yeye alijua hakuiba. Alipomaliza, sindano ikadondoka sakafuni. Uzi ukakatika wenyewe.

Nikamtazama Bi Araksi. Nisikufiche. Kama ningesema, "Bibi, inatosha, msamehe," nadhani angenisikiliza, alikuwa ananisikiliza kwa mambo mengi. Alinitazama akingoja. Mimi nikanyamaza. Niliikumbuka ile mikoba iliyovutwa mapajani. Ngumi za Lusine zikakazana zote mbili, mifupa ikalia, na juu ya kiti likabaki shali peke yake.

Yule mwanamke wa mkasi ndiye aliyekikata kitambaa kwenye ngumi zile akanipa. Siku ya pili nikakipeleka makaburini, nikamwomba mlinzi anionyeshe mahali, nikachimba kwa kijiko pembeni ya jiwe lake na kukifukia. Nikamsomea ninachokijua, Mungu atapokea au hatapokea. Zainabu hereni zake alizipata duka jingine.

Zile picha zilizunguka kila mahali kwenye simu. Watu wanazitazama kama kichekesho cha mwenye duka aliyeumbuka na kupatwa na wazimu wa mikono. Lakini maneno yake yanasikika wazi, na ejensi waliyasikia. Waliniita, safari hii wakanitazama machoni, wakaniomba radhi, wakanirudishia kazi yangu. Barking walinijia na sahani za mahamri. Nilizipokea. Kina fulani mpaka leo nikikaa karibu yao nauvuta mkoba wangu mapajani, taratibu, wakiniona.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Mikono ya Lusine haikufunguka. Uzi waliukata vipande vipande hospitali, lakini vidole viligoma. Madaktari hawaoni ugonjwa. Duka limefungwa. Hawezi kushika kijiko, hawezi kufunga zipu, hawezi kujitawaza. Mumewe, yule mwanawe Bi Araksi, mtu wa kimya anayeshinda kazini, akaomba mtunzaji. Msimamizi wangu akanipigia, akasema kwa yaliyopita una haki ya kukataa. Nikasema nitakwenda. Zainabu aliniuliza kama nina kichaa. Nilimwambia, mimi nimetumwa, sijaambiwa nirudi.

Basi naenda. Kila asubuhi nafungua mlango ule ule wa Edmonton, maana walishahamia nyumba ya bibi. Wamemlaza chumba kile kile. Namwosha uso, nampiga mswaki, namlisha uji kijiko kwa kijiko, naziosha ngumi zake na kuzikausha, na simtendei ubaya wowote. Sina haja. Yeye huniangalia tu akilia, na mimi nafanya kazi yangu vizuri kuliko nilivyopata kuifanya. Unataka niseme nasikitika? Sisikitiki.

Ila kuna jambo. Siku hizi nikikaa kwenye basi, watu wananitazama mapajani. Juzi mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Unashona nini, dada?" Nikatazama chini. Mikono yangu ilikuwa inakwenda, inazunguka, inavuta, inafunga. Hapakuwa na uzi. Nikaikalia mpaka nilipofika kituoni.

Na nyumba ile, tangu siku ya kwanza niliporudi, mazoea yangu ya zamani yalinishinda. Nilifungua mlango nikasema shikamoo, nikaitikiwa kutoka jikoni, penye kiti cha dirishani. Lusine anasikia pia. Kila asubuhi anasikia. Jana alinisihi kwa machozi: "Leo ingia kimya. Usimsalimie. Labda atakwenda." Nikamwonea huruma, mara moja tu, nusu huruma. Leo nimefungua mlango nikiwa nimeubana mdomo kwa meno. Sikutoa hata pumzi.

"Marahaba, mwanangu," ikasema jikoni. "Nikutume?"

Najua nilijibu nini. Nimeshasema jibu lake ni moja.

Kwa hiyo wewe, sikiliza mwenzako. Ukivaa kazi ya mkono wa mtu, usiseme ni ya mkono wako. Na ukiingia mahali ukaona mgongo wa mzee umeinama, hata kama umelelewa vizuri kuliko mimi, meza salamu yako. Ngoja ageuke umwone uso, ujiulize kama ulimsikia amezikwa. Mimi sikungoja.